Kengele Yako Inalia kwa Ajili ya Nani?



Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Kazeh, yaani hapa kwetu Tabora. Aliandika kwamba wapagazi waliobeba pembe za ndovu walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, ikawa inalia safari nzima. Ilitangaza nini? Mali. Njia hiyohiyo walipita watumwa katika minyororo, na kengele ile haikulia kwa ajili yao.

Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika nao walifika Tabora kwa njia hiyo. Leo kengele ya kanisa inatuita kusali Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni: mapigo matatu, mara tatu, kisha mfululizo. Haimtangazi mtu. Inaita.

Kengele nyingi zikipangwa kwa sauti, zinaimba kabisa. Ala hiyo inaitwa karilioni. Kule Leuven, Ubelgiji, maktaba ya chuo kikuu ilichomwa moto vitani mwaka 1914. Ilipojengwa upya, mwaka 1928 mnarani ziliwekwa kengele 48 kuwakumbuka mainjinia wa Marekani waliokufa katika vita ile. Siku hizi ziko 63. Mpigaji hukaa juu mnarani, anapiga vijiti vya mbao kwa ngumi na kukanyaga vingine kwa miguu. Watu wako chini, hawamwoni. Wanasikia wimbo tu.

Sasa turudi kwetu. Ukimpelekea mgonjwa unga, halafu ukaweka picha yake status, hiyo ni kengele ya pembe: inatangaza mzigo wako, yeye inampita tu. Mtume Paulo (1 Kor 13) anatuonya kwamba bila upendo tunabaki shaba yenye kelele. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, na like zilinifurahisha kuliko yule mgonjwa. Inauma kukiri.

Tujiulize: Wiki hii nimefanya jema gani ambalo hakuna aliyeliona?

Zoezi: Saa sita mchana, weka simu pembeni, sali Malaika wa Bwana. Kisha mtembelee mtu mmoja, na usimwambie yeyote.

Sala: Bwana, nifanye kengele inayokuita wewe, si inayojitangaza. Amina.