Jiko Lako Linakula Faida? Lipime Hivi

Wapambanaji wa misosi ya oda, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, leo tuongelee mkaa. Bei ya kisado tunaijua wote. Swali ni je, moto unaoununua unafika kwenye sufuria?

1. Pima mkaa kwenye mzani, andika, kisha washa jiko. Fanyia nje, moshi wa mkaa una sumu.
2. Injika maji lita 5, funika, subiri yachemke.
3. Epua. Mkaa uliobaki utie kwenye ndoo ya bati, funika uzime. Ukipoa, pima tena.

Sasa hesabu. Maji yametoka kama nyuzi 27 hadi 100, yaani yamepanda 73. Lita 5 × 73 × 4.2 = kilojuli 1,533 za joto. Kilo 1 ya mkaa mkavu ina kama kilojuli 29,000. Tuseme umeunguza gramu 300: hizo ni 8,700. Gawanya 1,533 kwa 8,700, unapata karibu asilimia 18.

Maana yake, kwenye mkaa wa shilingi 100, wa shilingi 18 tu ndo umechemsha maji. Uliobaki umepasha jiko na upepo!

Sasa badili kitu kimoja tu: ziba ufa wa jiko, au tumia sufuria yenye kitako kipana, au kinga upepo. Halafu rudia kipimo kilekile. Gramu 300 zikiwa 200, umeokoa theluthi ya mkaa. Hapo ndo upange bei ya sahani, sio kwa kukisia.