Wakikuuliza "Nini?" Mara ya Tatu

Neno lililonishinda wiki yangu ya kwanza Dallas lilikuwa maji. Nilisimama kwenye kaunta ya mkahawa wa chuo nikaomba maji kwa Kiingereza kilekile nilichofunzwa Embu tangu darasa la kwanza. Msichana aliyekuwa akihudumu akainamisha kichwa. "Nini?" Nikarudia. "Nini?" Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshuka nusu na foleni imerefuka nyuma yangu, nikanyoosha kidole kwenye friji. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba wao hutamka ile t ya katikati ya "water" kama r yetu, ulimi unagonga mara moja tu: "wara". Sauti ninayoitumia kila siku nikitaja jina la Ireri au Njeru.

Maji niliyapata. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya siku ile nilinyamaza karibu muhula mzima. Darasani nilijua jibu nikameza. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayefunga sanduku sasa hivi Maua, Chuka, Nkubu au Runyenjes, ili usipoteze miezi niliyoipoteza mimi.

Kwanza ujue kwamba aibu ile hukuipata Marekani, ulitoka nayo nyumbani. Wengi wetu tulisoma shule ambazo aliyeteleza akasema neno la lugha ya mama alivishwa diski shingoni hadi ampate mwenzake wa kumvisha. Wangari Maathai, aliyesafiri kwenda kusoma Kansas mwaka 1960, aliieleza adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake Unbowed. Na hata pasipo diski, kulikuwa na kicheko: mtu akishrabu mbele ya darasa, yaani lugha ya mama ikajitokeza katika matamshi yake, atataniwa hadi kidato cha nne. Sasa Mmarekani hajui kushrabu ni nini. Hawezi kumtofautisha mtu wa Embu na mtu wa Kisumu. Akikuuliza "Nini?" hakucheki, sikio lake tu halijakuzoea, na sikio huzoea upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2004 watafiti wawili, Clarke na Garrett, walionyesha kwamba wasikilizaji wa Kiingereza huanza kuizoea lafudhi ngeni ndani ya dakika moja, baada ya sentensi chache tu.

Hapo ndipo penye mbinu ninayoithamini kuliko zote: usianze na neno moja. Mimi nilisema "maji" peke yake, sikio likakosa pa kushika. Ningesema, "Habari yako, naomba chupa moja ya maji baridi, ile ndogo iliyo kwenye friji," hata kama angekosa neno moja, mengine yangemvusha. Fanya hivyo darasani pia. Kabla ya swali lako, tanguliza sentensi moja ya kuonyesha unakoelekea: "Nina swali kuhusu ule mchoro wa pili uliotuonyesha." Kufikia kiini cha swali, watakuwa wameshakuzoea. Na mtu akisema "Nini?" usipaze sauti wala usijikunyate. Badilisha maneno, useme jambo lilelile kwa njia nyingine.

Wapo pia ambao hawatakusikia hata ukitamka kama mtangazaji wa redio. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia aliwachezea wanafunzi mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, jingine picha ya mwanamke wa asili ya Asia. Sauti ilikuwa moja, lakini waliotazama picha ya pili walielewa machache kuliko wenzao. Mtu wa aina hiyo ukikutana naye, usirudi chumbani kujilaumu.

Kwenye matamshi yenyewe, usihangaike na kila herufi. Hangaika na mkazo. Kiswahili kinatuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunahamia na mazoea hayo kwenye Kiingereza. Tunasema hospiTAli, kaLENda. Mmarekani anataka uzito mwanzoni, HOSpital, CAlendar. Ukiweka uzito mahali pasipo pake, yeye husikia neno jingine kabisa, hata kama kila herufi umeitamka sawa. Basi kila jioni chukua maneno kumi ya somo lako, yawe ya uuguzi au ya kompyuta, sikiliza mhadhiri anavyoyatamka, pigia mstari silabi nzito, kisha uyaseme kwa sauti ukijirekodi kwenye simu. Ukitoka Embu, ongeza zoezi la r na l, kwa kuwa Kiembu hakina l, na Kiingereza kina maneno kama "rice" na "lice" ambayo hungependa kuyachanganya mezani. Zaidi ya hapo, acha sauti yako ilivyo. Usianze kutweng', yaani kuigiza lafudhi ya Kizungu. Nimewaona waliojaribu: wanachoka kufikia saa nne, na marafiki wanaowapata ni marafiki wa mtu asiyekuwepo.

Kuna maneno yatakayokuponza ingawa umeyatamka vizuri. Mwenzako akijikwaa utasema "sorry", kwa maana ya pole, naye atakujibu kwamba si kosa lako. Ukimwambia rafiki "umepotea" kwa kuwa hujamwona wiki mbili, atageuka kutazama njia. "Nakuja", tunayosema huku tukiondoka, itamfanya asimame akusubiri pale pale. Kifutio usikiite "rubber". Kule ni kondomu. Tarehe huanza na mwezi, na herufi ya mwisho ya alfabeti ni "zii". Wao nao wana yao. "How are you?" ya kwenye ujia ni salamu ya kupita, jibu fupi linatosha na usione umedharauliwa mtu asiposimama. "Lazima tukutane siku moja" bado si ahadi mpaka wewe uulize, "Alhamisi, saa sita?" Ila "y'all" ya Texas utaipenda. Kiingereza cha shule hakikuwahi kutupa "ninyi", na watu wa Texas wanayo.

Jina lako usilikate. Nkatha akiandikwa kwenye orodha, mhadhiri ataona n na k zimeandamana, atasita, kisha atauliza kama una jina jingine. Jibu bila haraka: ligawanye vipande viwili, mfundishe, mwache ajaribu, mrekebishe mara moja kwa tabasamu, halafu endelea. Ukiwa Kawira wa Meru au Wawira wa Embu, una hadithi tayari: yote mawili yanatokana na wira, yaani kazi. Mtu akishajua maana hasahau jina, na tayari mmezungumza dakika tano.

Marafiki wenyewe hawapatikani kwa maneno mengi. Wanapatikana pale mikono ina kazi, watu walewale, mahali palepale, kila wiki. Kama una viza ya F-1, sheria inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kazi ya maktaba au ya kuosha vyombo jikoni itakufundisha Kiingereza cha Texas kuliko kozi yoyote, kwa sababu huko maneno huambatana na vitendo. (Kazi ya nje ya chuo bila kibali usiiguse, hata akikushawishi ndugu.) Kuna timu za soka za jioni, kuna makundi ya kusoma pamoja kabla ya mtihani, ukiona hakuna kundi, lianzishe wewe kwa kuwaandikia watatu walioketi karibu nawe. Na saa za ofisi za mhadhiri zitumie. Kwetu kuitwa ofisini ni balaa. Kule amezitenga akusubiri, na ni mahali salama pa kuongea na sikio moja badala ya masikio 40.

Utawakuta Wakenya wengi Dallas na miji iliyoizunguka, Arlington, Irving, Garland. Watakupokea vizuri. Watakupeleka kanisani, watakupa koti la Januari, watakulisha mukimo. Nenda, unahitaji siku moja kwa wiki ya kusema bila kupima silabi. Lakini nimewajua waliokaa miaka minne wakihama kutoka gari la Mkenya hadi nyumba ya Mkenya, wakahitimu bila namba ya simu ya mwanafunzi mwenzao hata mmoja. Jumapili iwe ya nyumbani. Siku nyingine kaa chuoni, hata kama chakula hakina ladha.

Zawadi usisahau. Kahawa iliyokaangwa ya Meru au Embu, pakiti mbili tatu, inafungua mlango wa jirani wa bweni kuliko hotuba. Miraa acha kabisa. Kule Nyambene ni heshima, ni ya kupelekea wazee, lakini kathinoni iliyomo iko katika kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani, na fundo moja sandukuni linaweza kuimaliza safari yako kwenye uwanja wa ndege. Halafu Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Shukrani, bweni litabaki tupu. Ukialikwa kwa kina mwenzako, kubali mara moja. Mpira wa Cowboys, timu ya Dallas ya futiboli ya Kimarekani, utakuwa kwenye televisheni, kwani wamekuwa wakicheza siku hiyo karibu kila mwaka tangu 1966. Muulize babu wa nyumba hiyo akueleze sheria. Atakueleza kwa saa tatu, polepole, na wewe utauliza maswali mengi kuliko uliyouliza muhula wote.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo lilinigharimu. Mama yangu alikuwa na mazoea ya kunipigia saa mbili usiku, akishamaliza kuosha vyombo. Agosti, saa mbili usiku ya Embu ni saa sita kamili mchana Dallas. Ndiyo saa ya chakula, saa ambayo wenzangu walikuwa wakisogeza viti na kuulizana walikotoka, nami nilikuwa kwenye ngazi za nje na simu sikioni, nikiongea Kiembu kwa raha. Nilipomwomba tuhamie saa tisa alasiri yake, ambayo kwangu ni saa moja asubuhi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeanza kupata watu. Nikamwambia bado, ndiyo nataka. Basi zungumza na wa kwenu mapema. Na mwanzoni mwa Novemba saa za Dallas zikirudishwa nyuma, saa moja yako itakuwa saa kumi yake. Mjulishe siku moja kabla, asije akakaa saa nzima na simu mapajani.