KUMZUILIA MSHAMBULIZI
Darasa juu ya hifadhi ya wanawake waendao kuni katika nchi ya Kasulu na Kibondo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeharimisha dhulma baina ya waja wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika vitabu vya madhihabi ya Imamu Shafi uko mlango uitwao Siyali, nao ni mlango wa kumzuilia mtu ajaye kushambulia. Wanafunzi huusoma baada ya mlango wa adhabu, wakahifadhi maneno yake, kisha wakakifunga kitabu. Wachache hukumbuka kwamba mlango huo unamhusu mama aendaye kuni, na binti arudiye kisimani magharibi. Darasa hii yataka kuutoa mlango huo chuoni na kuupeleka njiani, mahali unapohitajiwa.

MAS-ALA YA KWANZA: Hali ya nchi hiyo

Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha, nchi ya vilima na misitu ya miombo katika mkoa wa Kigoma, upande upakanao na Burundi. Tangu vita vya Burundi vya mwaka 1993, na vita vya Kongo vya mwaka 1996, wakimbizi wameingia huko kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Fitina ilipozuka Burundi mwaka 2015 ikafunguliwa tena kambi ya Nduta upande wa Kibondo, na mwaka uliofuata kambi ya Mtendeli upande wa Kakonko, nayo ikafungwa mwaka 2021.

Msomaji na afikiri. Mahali wapikapo watu zaidi ya laki moja kwa kuni, miti ya karibu haikawii kwisha. Jana mwanamke alikata kuni nyuma ya nyumba, leo yampasa kwenda mwendo wa saa moja, na kesho wa saa tatu. Kila hatua aizidishayo yamweka mbali na mtu wa kumsikia akipiga ukelele. Na kanuni za nchi zamkataza mkimbizi kupita kilomita 4 nje ya kambi bila ruhusa. Basi ashambuliwapo ng'ambo ya mpaka huo, huogopa kushitaki, asije akaulizwa yeye kwanza alikuwa akitafuta nini huko. Dhalimu aijua hofu hiyo, na ndiyo silaha yake.

Mwaka 1999 wanawake wa Kirundi waliotoka kutafuta kuni na majani katika wilaya ya Kasulu waliangukiwa na kundi la wanaume, wakafanyiwa ubaya. Khabari hiyo iliandikwa, ikasomwa hata Ulaya na Marekani. Wala shari haimpati mkimbizi tu, wala haikai msituni tu. Mwaka 2019 ilienea khabari ya mji wa Kigoma Ujiji, kwamba wako wanaume waitwao "teleza", wajipakao mafuta mwilini wasishikike, wakawaingilia usiku wanawake walalao bila ya mwanamume nyumbani.

Asiseme mtu wa Mombasa au wa Tanga au wa Unguja, "Hayo ni mambo ya bara." Pwani pia wako wanawake waendao kuni na maji na shamba, na wako wanaume wasiomcha Mungu.

MAS-ALA YA PILI: Binti wa Hudhaili na hukumu ya Sayyidna Umar

Wanavyuoni wamepokea kwamba katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu zimshukie, watu wa kabila ya Hudhaili walikaribishwa na mtu. Binti mmoja wa pale akatoka kwenda kuokota kuni. Mwanamume mmoja katika wageni akamfuata, akamtaka kwa nguvu. Binti akalichukua jiwe akampiga nalo, akafa. Shauri likapelekwa kwa Umar. Naye akahukumu kwamba yule ameuawa na Mungu, na dia yake haitalipwa abadan.

Na tuiangalie hukumu hii vizuri. Umar hakuuliza kwa nini binti alikwenda kuni peke yake. Hakuuliza alivaa nini, wala alicheka na nani usiku wa jana. Aliitazama dhulma na mwenye kuitenda, akaiondoa damu yake. Na binti huyo alikuwa katika kazi ile ile ya wanawake wa Kasulu na Kibondo, nayo ni kutafuta kuni.

MAS-ALA YA TATU: Daraja za kuzuilia

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani mwaka 1277, ameieleza hukumu hii katika Minhaj. Muhtasari wake ni kwamba mtu ana haki ya kumzuilia ajaye kuidhulumu nafsi yake, au kiungo chake, au utupu wake, au mali yake. Na kuizuilia nafsi ya mwingine ni kama kuizuilia nafsi yako. Mali si wajibu kuipigania, kwani mtu aweza kuisamehe. Lakini utupu ni wajibu kuulinda, maadamu mtu hakuhofia roho yake, kwa kuwa haumo katika vitu vya kutolewa ruhusa.

Na kuzuilia huko kuna daraja, huanza kwa lililo jepesi:

Kwanza, kukimbia. Likiwezekana hilo, ndilo lipasalo. Anayekimbia dhulma si mwoga, bali ametii sharia.

Pili, maneno na ukelele. Akiweza kumzuia kwa kukemea na kuita watu, haifai kumpiga.

Tatu, mkono, kisha fimbo, kisha kumjeruhi kiungo.

Nne, likiwa halizuiliki ila kwa kuua, basi hapana kisasi juu yake, wala dia, wala kafara.

Daraja hizi ni kwa mwenye nafasi ya kuchagua. Mambo yakimbana, akawa kakamatwa na hana pumzi, hatakiwi kupima fimbo na jiwe kama apimaye nguo dukani. Na mwanamke aliyekwenda kuni huwa na panga mkononi. Panga hilo ni la kuni, wala si la kumkata kila amkaribiaye; lakini akishikwa hana njia nyingine, sharia haikumfunga mikono. Ummu Sulaimi alichukua jambia siku ya Hunaini, mwaka wa 8 wa Hijra. Alipoulizwa akasema ni kwa ajili ya adui atakayemsogelea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alicheka wala hakumkataza.

Na ukelele una faida mbili. Ni daraja ya kuzuilia, na tena ni ushahidi. Kwani mwenye kuua akadai kwamba alikuwa akijikinga hutakiwa bayana, na waliosikia ukelele ndio mashahidi wake.

Sheria ya serikali ya Tanzania haiko mbali na haya. Katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vifuatavyo, mtu ana haki ya kujikinga kwa kadiri iliyo lazima. Na haki hiyo yafika hata kusababisha mauti, kwa nia safi na sababu ya kweli, pindi mshambulizi akusudiapo kunajisi. Naye mwenye kunajisi, kwa sheria ya mwaka 1998, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Na aliyemnajisi mtoto wa kike chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha.

MAS-ALA YA NNE: Kuni ni mzigo wa nani?

Wako wanaume wasemao, "Dawa ni moja tu: mwanamke akae nyumbani." Ukiwauliza, "Na kuni nani ataleta?", hunyamaza. Mwenye kusema hivyo kisha akangoja chakula cha moto, amemtuma mkewe msituni kwa ulimi wa tumbo lake.

Katika madhihabi yetu, nafaka ya mke ni juu ya mume, na katika kauli iliyo sahihi zaidi gharama ya kuisaga na kuioka pia ni juu yake. Chakula hakiivi bila ya moto, na moto hauwaki bila ya kuni. Basi kuni zimo katika mzigo wa mume. Mke akienda kuni, huo ni wema wake na desturi ya nchi, wala si deni alilo nalo. Mwanamume awezaye, na njia ikawa ya khatari, akamwacha mkewe aende peke yake, na ajiangalie mbele ya Mola wake.

Na katika Sura ya Kasas, aya ya 23 na 24, umo mfano mwema. Nabii Musa, amani imshukie, alifika katika maji ya Madiani, akawakuta wanawake wawili wamejitenga na wanyama wao, wakingoja wachungaji wanaume waondoke. Hakuwakemea kwa kutoka kwao, na wao walikuwa na udhuru, kwani baba yao alikuwa mzee sana. Aliwanyweshea wanyama wao, kisha akajitenga kivulini, asitake ujira wala mazungumzo. Huu ndio uungwana: kumsaidia mwanamke, kisha kumwacha salama.

MAS-ALA YA TANO: Hadhari za kila siku

Hadhari haikanushi tawakali. Mwenye kumtegemea Mungu humfunga ngamia wake kwanza. Na miongoni mwa hadhari ni hizi:

Wanawake waende kwa kundi, na warudi kwa kundi, asiachwe mmoja nyuma kwa kuwa mzigo wake haujafungwa. Wakubaliane siku na saa, na mtu wa nyumbani ajue wamekwenda upande gani. Wanaume wa mtaa waende pamoja nao kwa zamu, au waende wao wakalete. Njia ibadilishwe, kwani mwoteaji huzoea njia moja. Kila mmoja awe na firimbi, na watu wa jirani wajue kwamba firimbi ikilia hutoka mara moja, bila ya kuulizana ni nani. Nyumbani patengenezwe jiko la udongo lilihifadhilo moto, kwani nusu ya mzigo wa kuni ni nusu ya safari. Milango iwe na komeo imara kwa ndani, na mjane au mke ambaye mumewe kasafiri asiachwe peke yake mwisho wa mtaa.

Mabinti nao wafundishwe kupiga ukelele. Wengi wamelelewa kwamba sauti ya mwanamke ni aibu, hata wakinyamaza mahali pa kupiga kelele. Kukemea dhalimu si utovu wa adabu.

MAS-ALA YA SITA: Jambo likisha tokea

Mwanamke aliyetendwa kwa nguvu hana dhambi, wala hana adhabu. Katika Sura ya Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu ametaja maghufira na rehema yake kwa wanawake waliolazimishwa. Na katika madhihabi ya Shafi dhalimu humlipa aliyemlazimisha mahari ya mfano wake, juu ya adhabu yake mwenyewe.

Na afikishwe hospitali upesi, siku ile ile. Dawa ya kukinga virusi vya Ukimwi haifai ila ianzwe ndani ya saa 72, na kadiri ianzwavyo mapema ndivyo ifaavyo zaidi. Dawa ya kuzuia mimba isishike hutolewa ndani ya saa 120. Kabla ya kupimwa asioge, wala asifue nguo alizokuwa nazo, kwani ndizo ushahidi. Wala asidhani kwamba kungoja huko ni maasia. Josho si la papo hapo, humlazimu mtu atakapo kusali. Basi na akimbilie kupimwa, kisha aoge na asali. Polisi humpa fomu namba 3, iitwayo PF3, na katika vituo vingi liko Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo kazi yake ni mashauri ya namna hii. Mtoto akidhulumiwa, simu ya bure ni namba 116.

Wazee wasikae barazani wakasuluhisha jambo hili kwa mbuzi au kwa fedha, wala wasimwoze binti kwa aliyemdhulumu ili kuficha aibu. Suluhu ya namna hiyo humlipa baba, na aliyeumia ni binti.

MAS-ALA YA SABA: Ulimi

Jeraha la msitu laweza kupona. La mtaa hudumu. Yuko mume asikiaye yaliyompata mkewe akamtaliki jioni ile. Wako majirani wasemao, "Lazima alitaka mwenyewe." Asemaye hivyo amemsingizia mwanamke mwema, na Sura ya Nur, aya ya 4, imeweka fimbo themanini kwa amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi uzinifu bila ya mashahidi wanne. Na kabla ya kuwaamrisha wanawake chochote katika sura hiyo, Mwenyezi Mungu ameanza, katika aya ya 30, kuwaamrisha wanaume wainamishe macho yao. Mume mwema na akae karibu na mkewe, ampeleke hospitali, asimame naye polisi na mahakamani, na afunge mdomo wa kila amsemaye.

MASWALI YA MWANAFUNZI

1. Ni nini tofauti ya hukumu baina ya kuizuilia mali na kuuzuilia utupu?
2. Zitaje daraja za kuzuilia, na useme ni lini hazilazimu kufuatwa moja moja.
3. Sayyidna Umar hakuuliza maswali gani, na watu wa mtaani kwako huyauliza kwa nini?
4. Kuni za nyumbani kwako huletwa na nani, na kwa njia gani?

Asiyeweza kulijibu la nne bila ya kwenda kuuliza nyumbani, na aende akaulize leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa ngao kwa walio dhaifu, wala asitujaalie kuwa msaada kwa dhalimu. Amin.