Mateka na Mfungwa: Tatizo la Istilahi katika Sheria ya Vita

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza istilahi mbili zinazotumika katika Kiswahili kumtaja askari aliyekamatwa na adui, yaani mateka wa vita na mfungwa wa vita. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa istilahi hapa si suala la mtindo tu. Haki zilizowekwa na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 hulindwa au hupotea kulingana na jinsi mhusika anavyoeleweka.

2.0 Mfungwa
Nomino mfungwa inatokana na kitenzi funga katika kauli ya kutendwa. Katika matumizi ya kawaida, mfungwa ni mtu aliyehukumiwa na mahakama kwa kosa fulani. Maana hiyo haioani na Mkataba, kwani askari huzuiliwa ili asirudi vitani, wala si adhabu. Ndiyo maana, kwa mujibu wa ibara ya 17, anapohojiwa hulazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi tu. Ibara ya 13 inamkinga dhidi ya matusi na kutazamwa na umma kama kioja, na ibara ya 118 inaagiza arudishwe kwao bila kuchelewa mapigano yakomapo. Mfungwa wa kawaida hungoja amalize kifungo chake.

3.0 Mateka
Mateka, kutokana na teka, haidokezi hatia. Hata hivyo, neno hilo hilo humtaja pia mtu anayeshikwa ili upande mwingine ushurutishwe kutimiza jambo, kitendo kilichopigwa marufuku na ibara ya 34 ya Mkataba wa Nne. Ibara hiyo ikifasiriwa "ni marufuku kuchukua mateka", askari anaweza kuelewa kwamba adui anayesalimu amri asikamatwe, yaani auawe. Ufahamu huo ungepingana na ibara ya 40 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977, inayokataza amri ya kutobakiza mtu hai.

4.0 Hitimisho
Inapendekezwa kwamba mateka wa vita itumike kwa askari, na mateka wa rehani kwa mtu anayeshikwa kwa sharti. Mfungwa ibaki kwa aliyehukumiwa. Kwa mpango huu, mateka wa vita aliyetiwa hatiani, ambaye kwa ibara ya 85 hapotezi kinga ya Mkataba, ataweza kuitwa kwa majina yote mawili bila utata.