Ufundishaji wa Huduma ya Kwanza kwa Vitendo: Tunayoweza Kujifunza Katika Mafunzo ya Wahudumu wa Dharura

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumtazama mwanachuo wetu mmoja katika shule ya msingi iliyomo katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida. Somo lilikuwa sayansi, Darasa la Tano, na mada ilikuwa huduma ya kwanza kwa mtu anayetoka damu. Andalio la somo lilikuwa kamili. Bango lilikuwa limeandikwa kwa rangi tatu na lilisomeka hata na aliyekaa nyuma kabisa. Wanafunzi walizitaja hatua nne kwa pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha wakaziandika katika madaftari yao. Kengele ilipolia sisi tulikuwa tumekwisha kumwandikia alama za juu.

Saa moja baadaye wanafunzi wa darasa hilohilo walikuwa wakifyeka nyasi nyuma ya madarasa. Fyekeo lilimteleza mvulana mmoja, likamkata mguuni chini ya goti. Wenzake walipiga kelele, wakatawanyika. Mmoja alichota mchanga akaumwaga juu ya jeraha, bila shaka kama alivyoona watu wakifanya nyumbani. Mwanachuo wetu alifika upesi, chaki ingali mkononi, akasema, “Hatua ya kwanza…” akanyamaza. Aliyeligandamiza jeraha kwa kanga yake hadi damu ikakoma alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipika uji wa shule. Mtoto alishonwa, akachomwa sindano ya kuzuia pepopunda, akapona.

Hatukuzifuta alama zile, lakini tangu siku hiyo hatujaziona kuwa za haki. Wala kosa halikuwa la mwanachuo peke yake, kwani alifundisha kama sisi tulivyomfundisha. Katika makala haya twataka kueleza ni wapi tulipokosea, na ni njia gani iliyo bora. Kwa kusudi hilo tutawatazama watu ambao kazi yao yote ni kufika penye ajali na kutenda: wahudumu wa dharura.

Wanavyofunzwa wahudumu wa dharura

Mhudumu wa dharura si daktari. Ni mtu anayemfikia mgonjwa mahali alipoangukia, akiwa na vifaa vichache na dakika chache, akamtunza mpaka afike hospitali. Hapa nchini taaluma ya tiba ya dharura bado ni changa. Idara ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo madaktari wakaanza kuisomea kama ubingwa. Kwa kina mama wajawazito na watoto wachanga kuna mpango wa m-mama, wenye namba ya simu 115, ambao huwatumia hata madereva wa kijijini pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mambo hayo ni ya kushukuru. Hata hivyo, mtoto anapojikata katika uwanja wa shule, mtu wa kwanza kumfikia si dereva wala daktari. Ni mwanafunzi mwenzake, na baada yake ni mwalimu.

Je, mtu hufanywaje kuwa mhudumu anayetegemewa? Mfano mmoja wa zamani unafaa kukumbukwa. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, lilianzishwa shirika la magari ya wagonjwa lililoitwa Freedom House. Walioandikishwa walikuwa watu weusi wa mtaa wa Hill District. Wengi hawakuwa na kazi, na baadhi yao hawakuwa wamemaliza shule. Daktari Peter Safar aliwaandalia mafunzo ya darasani, ya wodini na ya ndani ya gari lenyewe. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1975, lakini mtaala uliotokana na kazi yake, ulioandikwa na Daktari Nancy Caroline, ukawa msingi wa mafunzo ya wahudumu wa dharura nchini humo. Wale walioonekana hawafundishiki ndio waliowatangulia wenzao wote. Tunawaomba wanachuo walikumbuke jambo hili kila wanapoambiwa kwamba darasa fulani ni la wajinga.

Mhudumu hufunzwa kwanza mpangilio usiobadilika: atazame kama mahali penyewe ni salama, ndipo aangalie njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, na mwisho aukague mwili mzima. Mpangilio huo haukuwekwa ili ukaririwe. Umewekwa kwa sababu akili ya mtu aliyeshtuka haichagui vizuri, hivyo mkono lazima uwe umekwisha kuzoea njia.

Kila tendo nalo lina namna yake ya kufundishwa. Njia itumikayo sana ni ile iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Rodney Peyton mwaka 1998. Kwanza mkufunzi hulifanya tendo zima kwa mwendo wake wa kawaida, bila kusema neno. Mara ya pili hulifanya polepole akieleza kila kipande na sababu yake. Mara ya tatu mkufunzi hufanya tena, lakini safari hii mwanafunzi ndiye anayemwambia la kufanya. Mara ya nne mwanafunzi hufanya mwenyewe huku akisema. Tazameni jinsi njia hii inavyotofautiana na yetu. Sisi huanza kwa maneno na kumaliza kwa maneno, na tendo, kama lipo, huwa pambo la katikati. Hatua ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi, maana hapo mwalimu hugundua kosa la mwanafunzi kabla halijaingia mkononi.

Funzo kutoka Haydom

Lakini hata kutenda mara moja hakutoshi, na ushahidi wa jambo hili hauko mbali na Singida. Kaskazini yetu, katika wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Aprili 2010 wakunga na wahudumu wengine wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja juu ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Katika kazi hiyo dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa ndiyo ya thamani kuliko zote. Walijizoeza kwa mwanasesere anayejazwa maji ili uzito wake ufanane na wa mtoto. (Wanasesere wa mazoezi wana asili ya kupendeza kwa mwalimu wa zana: Asmund Laerdal wa Norway, aliyetoa yule wa kwanza mashuhuri mwaka 1960, alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto.)

Miezi saba baadaye walipimwa. Mbele ya mwanasesere maendeleo yalikuwa makubwa: katika zoezi la kumzindua mtoto, waliofaulu walipanda kutoka 18 hadi 74 katika kila 100. Ingekuwa shuleni kwetu, hapo tungeandika “vizuri sana” na kufunga jalada. Watafiti hawakuishia hapo. Waliingia katika chumba cha kujifungulia na kutazama yanayofanywa kwa watoto wenyewe, wakakuta kwamba utendaji haukuwa umebadilika. Watu waliofaulu mtihani waliendelea na kazi kama zamani.

Hospitali ikageuza njia. Badala ya siku moja ndefu, yakawekwa mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila juma, palepale kazini. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Wahudumu, mwanasesere na maarifa yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika sana ni kipimo cha mazoezi na marudio yake.

Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mwanachuo wetu na chaki yake.

Namna ya kuitumia njia hii shuleni

Tuseme sasa tuko Unyambwa, Darasa la Tano lina wanafunzi wengi, na shule haina sanduku la huduma ya kwanza. Kipindi kimoja chatosha kuanzia. Zana ni kanga kuukuu zilizokatwa kimshazari na maji ya rangi nyekundu. Mwalimu amwite mwanafunzi mmoja aigize aliyekatwa, kisha afanye tendo zima kimya: atazame pande zote, akiondoe chombo kilichokata, amkalishe mgonjwa chini, agandamize jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na amtume mtu kuita msaada. Wanafunzi watashangaa kumwona mwalimu asiyesema. Ndiyo njia nzuri ya kupata macho yao. Kisha zifuate zile hatua tatu nyingine.

Baadaye darasa ligawanywe katika makundi ya wanne wanne: mgonjwa, mhudumu, mjumbe na mtazamaji. Mjumbe asiachwe aende mikono mitupu. Azoezwe kusema nini kimetokea, wapi, na kwa nani, maana mtoto aliyeshtuka hufika ofisini akalia tu. Mtazamaji ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwani hana budi kusema alichokiona, si alichotarajia kukiona. Kwa kuwa damu ya mtu mwingine yaweza kuleta maambukizo, watoto wafundishwe kwamba pasipo glavu, majeruhi mwenye fahamu aligandamize jeraha lake kwa mkono wake mwenyewe huku mwenzake akimwelekeza.

Baada ya kipindi hicho somo lisifungwe. Mwalimu aombe dakika tatu kila Jumatatu mstarini, baada ya ukaguzi wa usafi. Juma hili damu. Juma lijalo moto, yaani kumwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kupaka dawa ya meno, chumvi wala kinyesi cha ng'ombe. Juma la tatu aliyezimia lakini anapumua, alazwe kiubavu. Juma la nne aliyeumwa na nyoka. Katika hili la nyoka zoezi lenyewe ni kutulia: kiungo kisichezeshwe, jeraha lisichanjwe wala kunyonywa, kamba isikazwe, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Kisha mzunguko uanze upya.

Lipo onyo moja. Kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama hufanywa kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kamwe kusijaribiwe juu ya kifua cha mwanafunzi mzima. Gunia dogo lililoshindiliwa pumba lafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Kuhusu upimaji tutasema kwa ufupi. Swali la “taja hatua nne” hupima kumbukumbu, nalo lina mahali pake katika karatasi. Lakini mwalimu asiridhike mpaka amemwita mwanafunzi ghafla, siku isiyo ya somo, akamwonyesha mwenzake aliyelala chini na kumwambia, “Fanya.” Nasi wakufunzi tumeanza kuwatazama wanachuo wetu kwa kipimo hichohicho.

Yule mwanachuo wa Unyambwa aliomba dakika zake tatu kabla ya mazoezi kwisha, na mwalimu mkuu akamkubalia. Tulihudhuria Jumatatu ya mwisho. Katika kundi lililokuwa karibu nasi, mtazamaji alikuwa mvulana mwenye kovu jipya chini ya goti. Mhudumu alipoweka kitambaa juu ya mguu wa mgonjwa na kuinua uso kutafuta sifa, mvulana yule alimkatiza.

“Hujagandamiza,” akamwambia. “Umeshika tu.”