Biwi la nyasi kwenye shimo la 14

*Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa sita kwenye gofu. Aliyenifunza kushika fimbo ni mzee mmoja wa klabuni kwetu. Namwita Baba ingawa hakunizaa. Kwenye mashindano ya mwezi uliopita tulipangwa kundi moja, na yeye ndiye aliyeniandikia alama. Shimo la 14 mpira wangu ulikwenda kulia ukatua juu ya biwi la nyasi zilizokatwa na makuti makavu, chini ya mivinje. Nilikumbuka kwamba kwenye marundo ya watunza uwanja mchezaji hupata nafuu bila adhabu. Nikauokota, nikapima urefu wa fimbo moja, nikaudondosha, nikacheza. Baba alikuwa upande wa pili. Alipofika nilikwisha kupiga. Akasema, "Lile biwi mbona lina mwezi pale?" Nikamjibu, "Baba, sheria naijua." Nilishinda kwa mkwaju mmoja. Tangu siku hiyo haniiti tena twende tukacheze, na makedi wakiniona hubadilisha mazungumzo. Je, kikombe nimekiiba? Nikirudishe?*

*Na jingine: grini ya 16 ilikuwa imetobolewa, nikavizoa vidonge vya udongo vilivyokuwa mbele ya mpira wangu. Nalo ni kosa?*

*Mwenye Dukuduku, Pwani*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye lile swali la Baba. Kesi yako nzima imo humo.

Ulichokumbuka ni kweli. Nyasi zilizokatwa, majani na takataka nyingine zilizorundikwa ili zije kuzolewa huhesabiwa kuwa eneo lililo kwenye matengenezo. Mpira ukiwa humo, au biwi likikuzuia kusimama au kuzungusha fimbo, unatafuta mahali pa karibu pasipo na kizuizi hicho, pasipokaribia shimo zaidi, unapima urefu wa fimbo moja, unaudondosha kutoka usawa wa goti. Hulipi kitu.

Lakini sheria hiyo ina mkia. Takataka zilizoachwa pale zioze, ambazo hakuna mwenye mpango wa kuzizoa, hazikupi nafuu hiyo mpaka Kamati ya mashindano iwe imelitangaza eneo lenyewe kuwa la matengenezo. Biwi la kuoza na biwi la kuzolewa huweza kufanana kama mapacha. Linaloyatenganisha ni nia ya mtu aliyelirundika, na mtu huyo saa ile alikuwa hayupo.

Nalijua hili kwa mikono yangu. Kabla sijapiga mpira hata mmoja nilisukuma toroli uwanjani. Tulikuwa na marundo ya aina mbili. La kwanza tuliliweka kando ya njia ya trekta, tukalibana kwa reki lisitawanywe na upepo, na trekta likipita tunalipakia. La pili tulilitupa nyuma ya miti, likae mpaka liwe mboji. Ukiingiza mkono kwenye lile la pili, juu ni nyasi kavu, lakini ukishuka kidogo unakuta joto, weusi, nyasi zimeshikana kama mkeka uliolowa, na jongoo wamejikunja humo. Ila hata dalili hizo zinaweza kukudanganya. Kuna msimu trekta liliharibika, na marundo ya kuzolewa yakakaa hadi majani mapya yakachipua juu yake. Mchezaji yeyote angeapa kwamba tumeyatelekeza, na sisi tulikuwa tunasubiri kipuri tu.

Kwa hiyo mwezi mmoja aliousema Baba si ushahidi wa kutosha dhidi yako, na kumbukumbu yako ya sheria haikutosha kukulinda. Kama biwi lile lilikuwa la kuoza, ulicheza kutoka mahali pasipo sahihi, na adhabu yake kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili. Wewe ulishinda kwa mmoja. Naelewa kwa nini hulali.

Ungefanya nini? Ungeweza kuucheza mpira ulipolala. Ungeweza kuyaondoa makuti na nyasi zile kwa mkono, maana ni vitu vya asili visivyoshikamana na ardhi. Lakini mpira uliokaa juu ya biwi usingekosa kusogea, na ukisogea kwa mkono wako unaurudisha na kulipa mkwaju mmoja. Ungeweza pia kukiri kwamba mpira hauchezeki, ukalipa mkwaju mmoja na kuutoa.

Na ipo njia iliyowekwa kwa ajili ya siku kama ile yako, ambayo nasikitika kwamba wachezaji wengi wa kwetu hawaitumii. Kwenye mashindano ya mikwaju, ukiwa na shaka, unaruhusiwa kumalizia shimo hilo kwa mipira miwili. Kabla ya kupiga unamtangazia anayekuandikia alama kwamba utacheza miwili, na unataja ni upi unaotaka uhesabiwe kama sheria inauruhusu. Mmoja ungeucheza kutoka kwenye biwi, mwingine kutoka ulipoudondosha. Mkirudi, kabla hujakabidhi kadi, unaieleza Kamati yaliyotokea, hata kama mipira yote imetoa alama sawa. Usipofanya hivyo unaondolewa mashindanoni. Kamati inamwita mtunza uwanja, anasema lile biwi ni la nini, basi.

Kikombe usikirudishe kimyakimya. Mashindano yakishafungwa, adhabu ambayo mchezaji hakujua kwamba anastahili haifufuliwi, na matokeo yanabaki. Kutojua huko uwe nako kweli, lakini. Swali la Baba lilikutia shaka, na shaka ile ulipaswa kuifikisha mezani kwa Kamati kabla ya kusaini kadi. Hapo ndipo ulipokosea, na hilo nalisema bila kukuficha. Kawaeleze sasa, mambo yote kama ulivyonieleza mimi. Waombe pia waandike kwenye kanuni za uwanja yale marundo ya chini ya mivinje yana hukumu gani, maana si wewe wa mwisho atakayepiga kulia pale.

Vidonge vya udongo vya grini ya 16 visikusumbue. Vile vinavyotolewa na mashine ya kutoboa ni vitu visivyoshikamana na ardhi, unaviondoa popote, hata nje ya grini. Vitundu vyenyewe ndivyo usivyoruhusiwa kuvifukia. Mchanga uliomwagwa juu ya nyasi una hukumu yake: ukiwa ndani ya grini unaufagia, ukiwa nje yake, hata upana wa kidole tu, unauacha ulivyo.

Nimemweka Baba mwisho kwa sababu ndiye anayeniuma zaidi. Mtu aliyekusimamia kwenye jua akikurekebisha viganja aliuliza swali la haki, ukamjibu kwamba sheria unaijua. Ulimfungia mlango, mwanangu. Kwa mtu wa umri wake, aliyekufunza kushika fimbo, jibu lile ni zito kuliko mikwaju miwili.

Kesho nenda klabuni mapema, wakati watunza uwanja wanatia mafuta kwenye mashine. Mtafute aliyefyeka kule chini ya mivinje, umuulize lile biwi lilikuwa la kuzolewa au la kuachwa, na umsikilize mpaka amalize. Kisha mfuate Baba nyumbani kwake, si klabuni mbele ya watu. Mwamkie, umwombe radhi kwa lile jibu lako kabla hujagusa habari ya mpira. Baada ya hapo mpe maneno ya mtunza uwanja kama alivyoyasema, hata kama yanampa yeye haki.