Geuza Gemu Iwe Katuni ya Familia Nzima

Kijana wa mtaa wa Kyebando, Kampala, mwenye laptopu, kipaji cha kuchora na gemu anayoipenda ana mtaji wa kutosha kuanza filamu ya katuni. Kinachowakwamisha wengi ni kuiga sura ya gemu na kusahau jambo moja: mchezaji ana vidhibiti mkononi, mtazamaji hana. Kwenye gemu unaogopa kufa kwa sababu ni wewe unayekimbia. Kwenye filamu utaogopa tu ikiwa umempenda anayekimbia. Mbinu nyingi zinazofuata zinalenga hapo.

1. Maliza suala la haki kabla ya kuchora

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi iliyokwisha kuundwa, ikiwemo michoro, muziki na programu. Wazo tupu halilindwi. Kwa hiyo huwezi kumchukua Mario, mhusika wa gemu za Nintendo, ukamweka Kyebando na kuuza filamu bila idhini ya kampuni hiyo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kumwendea mtengenezaji wa gemu aliye karibu nawe na kupata ruhusa kwa maandishi, yenye masharti ya mgawanyo wa mapato. Ya pili ni kubuni wahusika wako na kubakiza aina ya mchezo tu: kukimbia, kujificha, kukusanya, kujenga. Kazi ikikamilika, isajili kwenye ofisi ya usajili ya serikali, URSB.

2. Tafuta tendo kuu la gemu

Andika kitenzi kimoja kinachoeleza vidole vinafanya nini muda wote. Mario anaruka, anaanguka, anaanza tena. Filamu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1993, iliyoigizwa na watu, iliwapeleka mashabiki kwenye mji wa giza wa viumbe wa jamii ya dinosaria, nao hawakuutambua ulimwengu wao. Mwaka 2023 Nintendo ilishirikiana na studio ya Illumination, na Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, akawa mmoja wa watayarishaji. Humo Mario anaingizwa kwenye uwanja wa mazoezi wa binti mfalme Peach, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Mtoto aliyewahi kucheza anajiona pale, na bibi ambaye hajawahi kugusa gemu anaona mtu asiyekata tamaa. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3.

3. Mpe shujaa mtu wa kumhangaikia

Alama na sarafu hazimlizi mtu. Mario wa 2023 anavumilia yote kwa sababu Luigi, ndugu yake, ametekwa. Hapa Uganda tuna mfano wa gemu iliyozaliwa na uchungu huo tangu mwanzo. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa nchi, alijifunza kutengeneza gemu kwa laptopu ambayo mama yake aliiwekea akiba kwa miaka mitatu. Gemu yake, Salaam, inamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayetoka vitani kutafuta amani. Ukiitazama gemu ya namna hiyo kwa jicho la filamu, jiulize: anakimbia na nani? Amemwacha nani nyuma? Majibu hayo ndiyo hadithi.

4. Tumia mtaa wako

Hatua za gemu zigeuze ziwe sehemu unazozijua: msongamano wa soko la Kalerwe, barabara ya Northern Bypass, mitaro inayofurika mvua ikinyesha. Studio ya Creatures ya Kampala ilifanya hivyo katika *A Kalabanda Ate My Homework* ya mwaka 2017, ikamchukua kalabanda, kiumbe anayeogopwa katika simulizi za wanafunzi wa Uganda, ikamfanya mhusika wa katuni.

5. Waonyeshe watoto mapema

Sonic, mhusika mwingine wa gemu, alipotokea kwenye kionjo cha filamu yake mwaka 2019, mashabiki walilalamikia meno na macho yake. Ilibidi achorwe upya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020. Wewe huna fedha za kurudia. Chora mhusika kwenye karatasi, wape watoto wa jirani, kisha nyamaza usikilize. Wakishindwa kusema anataka nini, rudi mezani.

6. Piga hesabu ya fremu

Programu ya Blender ni ya bure, na ndiyo iliyotengeneza *Flow*, katuni ya Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025. Hata hivyo, muda una gharama. Filamu ya dakika 3 kwa fremu 24 kila sekunde ina fremu 4,320. Ikiwa kila fremu inaichukua kompyuta dakika 2 kuikamilisha, hizo ni saa 144, yaani siku 6 bila kuzima. Kwa hiyo, anza na filamu fupi. Hifadhi kila fremu kama picha yake peke yake, usitoe faili moja la video. Umeme ukikatika, utaendelea ulipoishia.

7. Tenganisha sauti

Familia za Kampala zimezoea kusikia filamu za nje zikitafsiriwa kwa Kiganda na ma-VJ, yaani watafsiri wanaosimulia filamu. Rekodi mazungumzo mbali na muziki na milio, ili uweze kutoa toleo la Kiganda na la Kiswahili bila kuvuruga kazi nyingine. Toleo la Kiswahili litakufikisha Nairobi, Dar es Salaam na Goma.

Wiki hii, andika ukurasa mmoja tu: kitenzi cha gemu yako, jina la shujaa, na jina la mtu ambaye shujaa hawezi kumwacha. Usomee nyumbani mbele ya wakubwa na wadogo. Wakiuliza, "Kisha ikawaje?", una filamu. Washa kompyuta.